Krismasi imepita, shukrani nazo zimekwenda wapi?

Naam, msomaji mpenzi, imekwisha. Mapambo yameshushwa katika maduka ya Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru, na palipokuwa pakining'inia nyota za karatasi sasa pamebandikwa bei za sare za shule, madaftari na masanduku ya bweni. Waliokwenda mashambani wamerejea na magunia ya viazi, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, baada ya kutozwa nauli iliyopanda pindi tu sikukuu ilipokaribia. Watani wameubatiza mwezi huu jina la Njaanuari, na kusema kweli hawakukosea.

Majuma machache tu yaliyopita tulikuwa watu wa shukrani. Makanisa yalifurika kuanzia Bondeni hadi Kaptembwo, viti vya plastiki vikapangwa nje chini ya hema, na waumini wakasimama mmoja baada ya mwingine kumshukuru Mungu kwa uhai, kwa watoto, kwa kazi na kwa kuuona mwaka ukiisha. Leo hebu mkute mtu yule yule kwenye kituo cha matatu umjulie hali. Atakusomea orodha ya madeni kabla hujamaliza salamu.

Simcheki wala simlaumu. Karo ni karo, na mwenye nyumba hapokei zaburi badala ya kodi. Hata hivyo swali linabaki palepale: zile shukrani tulizozitoa kwa sauti kubwa zilikuwa za kitu gani? Kama zilikuwa za pilau, chapati na soda, basi ni haki yake shukrani kwisha sufuria ikioshwa. Ila kama zilikuwa za jambo jingine, yaani zile habari njema ambazo mhubiri alizisimulia siku hiyo, basi jambo lenyewe halijaisha. Lipo mwezi Januari kama lilivyokuwepo Desemba.

Kosa letu wengi ni kuikomeshea hadithi ya Krismasi horini. Watoto wa shule ya Jumapili wakishaigiza Mariamu na Yusufu, na malaika mwenye mbawa za pazia akishapigiwa makofi, tunafunga kitabu na kwenda kula. Waandishi wa Injili hawakukomea hapo. Luka anaeleza kwamba wale wachungaji (wa kondoo, si wa makanisa) walirudi wakimtukuza Mungu. Neno la kutazamwa hapo ni kurudi. Walirudi wapi kama si kwa kondoo wao, katika baridi ile ile na hatari ile ile ya wanyama wakali? Hakuna aliyeongezwa mshahara. Mtu aliyewahi kukesha na mifugo kwenye miinuko ya Kuresoi au Mau Narok anaelewa vizuri zaidi kuliko mimi shukrani ya namna hiyo ina uzito gani, kwani huko juu baridi ya usiku haibembelezi mtu.

Naye Mathayo anaendelea na jambo zito zaidi. Mamajusi wametoa dhahabu, uvumba na manemane, wameondoka kwa njia nyingine, na usiku Yusufu anaonywa katika ndoto achukue mtoto na mama yake wakimbilie Misri. Kwa hiyo safari ya kwanza ya familia ile baada ya zawadi ilikuwa safari ya ukimbizi. Mfalme alikuwa anawatafuta watoto wa kuua. Fauka ya hayo, tarehe 26 Desemba, siku ambayo wengi wetu huitumia kulala na kumalizia nyama, makanisa ya kale huikumbuka kuwa siku ya Stefano, shahidi wa kwanza wa imani. Matendo ya Mitume yanatueleza kwamba Stefano alikuwa mmoja wa wanaume saba waliochaguliwa kusimamia ugawaji wa chakula kwa sababu wajane wengine walikuwa wakisahauliwa. Hebu fikiria. Siku moja tu baada ya Krismasi, kanisa linamkumbuka mtu wa kuwagawia wajane chakula.

Sisi wa Nakuru hatuhitaji kwenda Misri ili kulielewa jambo hili. Tuna Januari yetu.

Mwaka wa 2007 Krismasi iliangukia Jumanne. Alhamisi yake, tarehe 27 Desemba, Wakenya walipiga kura. Jumapili jioni, tarehe 30, matokeo ya urais yakatangazwa, na kabla ya usiku ule kukucha nyumba zilikuwa zinawaka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa na watu walioingia humo kutafuta usalama, wengi wao kina mama na watoto. Ilikuwa wiki moja kamili tangu Krismasi. Mavazi mapya ya watoto yalikuwa hata hayajafuliwa mara mbili.

Waliotoroka Eldoret, Burnt Forest, Molo, Kuresoi na Kericho walimiminika Nakuru kwa malori, wengine wamekaa juu ya magodoro na meza zao, wengine mikono mitupu. Uwanja wa maonyesho ya kilimo, ule ambao familia za mjini hupeleka watoto kutazama ng'ombe wa maziwa, ukageuka mji wa mahema. Maelfu walilala pale. Ndipo ikabainika ni nani aliyekuwa ameshukuru na ni nani aliyekuwa ameshiba tu. Kuna waliotoa blanketi zilizokuwa kitandani mwao. Kuna nyumba za chumba kimoja huko Free Area na Rhonda zilizopokea jamaa wanane, kumi, wakalala kwa zamu. Makanisa yalipika uji na githeri kwenye masufuria yale yale ya sikukuu, na Shirika la Msalaba Mwekundu likaongoza kazi ya kuandikisha na kugawa.

Hayo ni ya wiki za kwanza. Katika wiki ya mwisho ya Januari vita viliingia Nakuru kwenyewe, kisha Naivasha, na watu waliokuwa wenyeji wakawa nao wakimbizi katika mji wao. Safari hii wengi walioingia uwanja wa michezo wa Afraha na vituo vya polisi walikuwa wa makabila mengine, tofauti na wale wa uwanja wa maonyesho. Mji mmoja, kambi mbili, na ndani ya kambi zote mbili watu waliokuwa wameimba nyimbo zile zile za Krismasi. Wanajeshi walipelekwa mitaani, amri ya kutotoka nje usiku ikatolewa. Hadi mapatano ya kisiasa yalipotiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa kote nchini na mamia ya maelfu kuhama makwao.

Nasimulia haya kwa sababu wapo wasomaji wa ukurasa huu, hasa wanafunzi, ambao mwaka ule hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wakinyonya. Na nasimulia kwa sababu siku zile zilidhihirisha kwamba kuna shukrani za aina mbili, nazo zinafanana sana midomoni. Moja husema: Mungu asante, sisi tuko salama. Basi, inaishia hapo. Ya pili husema maneno hayo hayo kisha hufungua mlango wa jikoni kuona kilichobaki. Yesu alisimulia habari za Farisayo aliyesimama hekaluni akimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine, hasa yule mtoza ushuru aliyesimama kando. Yule Farisayo alishukuru, tena kwa ufasaha. Lakini shukrani yake ilikuwa ya kujilinganisha, na shukrani ya namna hiyo hukaa vizuri sana pamoja na ukabila. Unaweza kumshukuru Mungu kwa kabila lako hadi ukaona si vibaya jirani akichomewa. Viongozi wa Baraza la Makanisa nchini, NCCK, walikiri hadharani mwezi Februari 2008 kwamba wao wenyewe walikuwa wameegemea pande za kisiasa. Si jambo rahisi kusemwa na watu wanaovaa kola nyeupe, nami nawapa heshima yao kwa kulisema.

Hali kadhalika na barabara zetu. Usiku wa kuamkia alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafariki. Kila Januari walio salama hushukuru kwamba walifika. Vizuri, washukuru. Ila katika mtaa wako bila shaka kuna nyumba moja ambayo mtu hakufika, iwe ni mwaka huu au mwaka mwingine, na kila msimu huu mama wa nyumba hiyo husikia shukrani za majirani kupitia ukuta wa mabati. Kumtembelea na nusu kilo ya sukari kungekuwa shukrani iliyokamilika zaidi.

Baada ya ghasia, serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani mwezi Mei 2008, na familia zilizohama zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Elfu kumi ni pesa za nini kwa mtu aliyepoteza ng'ombe, nyumba na duka? Wapo walioona hazitoshi kitu, wakaungana, wakachanga wote pamoja na kununua vipande vya ardhi kando ya barabara kuu, huko Pipeline nje kidogo ya Nakuru na huko Mai Mahiu. Viwanja vilikuwa vidogo sana, pengine hema na bustani ya sukuma wiki basi. Huko nako Jumapili watu walikusanyika wakaimba. Mimi si mtu wa kusema kwamba umaskini ni baraka, maana wanaosema hivyo mara nyingi wametoka kula. Ninachosema ni kwamba waliochanga zile elfu kumi walifanya kwa kidogo walichonacho jambo ambalo wengi wetu tunangoja tupate kikubwa ndipo tulifanye. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa tugeukie lugha moja ya shukrani ambayo yafaa tuihofu. Ni ile ya kumziba mtu mdomo. Kibarua akiuliza mshahara wa Desemba u wapi, anaambiwa ashukuru ana kazi. Januari hii katika mashamba ya maua yanayozunguka Ziwa Naivasha ni msimu wa kukata waridi za tarehe 14 Februari, na yakishakwenda hayo zitafuata za Siku ya Akina Mama ya Uingereza mwezi Machi. Kwa hiyo mikono ya Naivasha ndiyo inayofunga shukrani za Wazungu kwa wake zao na mama zao, ua kwa ua, kuanzia alfajiri. Ingekuwa ajabu mikono hiyo yenyewe ikakosa anayeishukuru. Na hapa sizungumzii mashamba ya maua pekee. Nazungumzia pia kinyozi mwenye wafanyakazi wawili, mwenye matatu na makanga wake, na mimi na wewe tulio na msichana wa kazi nyumbani.

Sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati ina mambo mawili ambayo hatuyasomi mara kwa mara Krismasi. La kwanza ni kwamba kibarua maskini alipwe ujira wake siku hiyo hiyo kabla ya jua kutua. La pili ni kwamba mwenye shamba akivuna na kusahau mganda mmoja asirudi kuuchukua, bali auache kwa ajili ya mgeni, yatima na mjane. Na sababu inayotolewa kwa agizo hili la pili ni ile ile inayorudiwa katika sura hiyo: wakumbuke kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Hii ndiyo shukrani ya Biblia kwa ufupi wake. Ni kumbukumbu inayogeuka ujira wa kibarua na mganda ulioachwa.

Wakulima wa Njoro na Rongai hawatafsiriwi jambo hili. Ngano ikishavunwa kwa mashine, kuna masuke yanayobaki chini, na kina mama huingia na magunia kuokota. Wako wenye mashamba wanaowaruhusu, wako wanaowafukuza na kuingiza mbuzi wao wenyewe. Na wote hao, mruhusu na mfukuzaji, unaweza kuwakuta katika Jumapili ya mavuno wakileta sadaka mbele ya madhabahu. Nawe msomaji bila shaka umehudhuria ule mnada wa baada ya ibada, jogoo mmoja akiuzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha kwa Mungu, kabichi ikifika bei ya mbuzi, na kanisa zima likiangua kicheko. Mimi naupenda sana mnada huo. Ningependa tu uwe na binamu yake mwezi Januari, wakati ghala zinaanza kupungua na hakuna anayeshangiliwa kwa kutoa.

Wazazi wenzangu, tuanze na wa karibu. Yaya alikwenda kwao Desemba na nyumba ikapinduka. Baba alijifunza kwamba uji huungua, mama akagundua kuwa mtoto halali bila wimbo fulani ambao yeye haujui. Yaya asiporudi, tunahaha kutwa nzima kwenye simu tukiulizia mwingine. Akirudi, tunamuuliza mbona amechelewa siku mbili. Huyu ndiye aliyetuwezesha kwenda kazini siku zaidi ya mia tatu. Mlipe kwa wakati, tena kabla ya kulipa deni la televisheni, na umwambie mbele ya watoto ni kitu gani hasa unachomshukuru nacho. Mtoto anayesikia baba yake akimshukuru msichana wa kazi kwa jina amefundishwa somo ambalo hakuna mtihani wake.

Kuna familia ambazo jioni, kabla ya sala ya chakula, kila mmoja hutaja mtu mmoja aliyemtendea wema siku hiyo. Si kitu, ni mtu. Nimeona jambo hili likifanyika na nikapenda jinsi watoto wanavyolichukua kwa dhati. Mmoja atamtaja mwenzake aliyemwazima kifutio, mwingine mlinzi aliyemvusha barabara. Watu wazima ndio tunaokwama, kwa kuwa tumezoea kumshukuru Mungu kwa jumla, uhai, afya, ulinzi, kama mtu anayelipa bili bila kuisoma. Kesho yake huyo mtu aliyetajwa huambiwa. Hapo ndipo wengi huona haya, hasa sisi wanaume, na ndipo kazi ilipo. Kumi walitakaswa ukoma, Luka anatueleza, na mmoja tu ndiye aliyerudi kwa Yesu, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Wale tisa pengine walishukuru sana moyoni. Hawakutembea kurudi.

Nanyi wanafunzi mnaorejea Egerton na vyuo vinginevyo hapa Bonde la Ufa, nina ombi moja kwenu kabla masomo hayajashika kasi. Wengi wenu mko chuoni kwa sababu siku moja watu walikaa chini ya mti, chai ikapikwa, na kila mmoja akaweka alichoweza ndani ya kikapu: harambee. Tena baadhi ya waliochanga siku hiyo walikuwa na watoto wao waliofukuzwa shule kwa karo. Chagua mmoja wao, asiwe mheshimiwa aliyetoa hundi na kupigwa picha, bali yule wa mwisho kwenye orodha. Mwandikie barua. Simu ni nzuri na ujumbe ni wa haraka, ila barua hukaa. Usijaze maneno ya kuhubiri. Mweleze zile fedha zilinunua nini: godoro, kitabu fulani, nauli ya muhula wa kwanza. Mweleze unasoma nini na kazi yake ni ipi, kwa lugha anayoielewa. Mwambie chakula kikoje na baridi ya Njoro ikoje. Kama matokeo hayakuwa mazuri, mwambie hilo nalo. Mzee wa Subukia aliyeuza ndama ili uketi darasani hatadai ndama wake, lakini atampa mjukuu barua hiyo amsomee, kisha atamwambia aisome tena, na jioni ataikunja na kuiweka katika bahasha ile anamohifadhi hati ya shamba.